Maneno ya Chini ya Lebo

4 Machi

Shemeji,

Umenizuia kwenye simu. Sawa. Nikapiga kwa simu ya mfamasia wetu, ukaizuia na hiyo, maskini mama wa watu hajakukosea chochote. Basi nimenunua stempu. Stempu bado hujajua namna ya kuzizuia, ingawa kwa usomi wako sitashangaa.

Nakuandikia kuhusu dada yako, yaani mke wangu, ambaye wewe unamfuta.

Usijifanye umeshtuka. Alipotutoka mwaka jana aliacha duka la dawa, nusu kwangu nusu kwako. Nusu yangu nimeikalia: kile kiti cha kaunta chenye mto alioushona mwenyewe. Nusu yako unaitawala kwa waya kutoka huko mjini kwako, ambako tayari umefungua tawi. Ukasema kompyuta yake ya bluu imezeeka. Ukasema kazi zijiendeshe zenyewe, kila kitu kiwekwe kwenye makontena. Mimi nikasubiri lori. Lori halikuja. Alikuja fundi na kidude kama sahani ya chai, akakichomeka, akaniachia mwongozo wako mnene, "Namna ya Kuanza", akaenda zake.

Tangu siku hiyo lebo za dawa zinatoka bila maneno ya dada yako. Unayajua. Yale ya chini kabisa, aliyokuwa anamwambia kila mgonjwa. Wateja wanageuza chupa huku na huku wanayatafuta, kisha wananitazama mimi kama nimeyala.

Nikafungua mwongozo wako. Nikaruka kurasa za mwanzo, zile za maneno ya hekima, nikakuta huko nyuma amri ya kuingia ndani ya kontena. Nikaingia. Mimi niliyefukuzwa shule kabla sijajua kugawanya, nikaingia! Nikakuta faili la lebo, nikaandika maneno yake, nikatoka. Printa ikalia, lebo ikaja na maneno. Nikaibusu. Mfamasia aliniona, akajifanya anapanga sindano.

Kesho yake maneno hayapo. Nikaandika tena. Hayapo tena. Umeme ukikatika ukarudi, hayapo. Sasa niambie, nani anaingia baada yangu na kufuta? Paka? Ni wewe, umekaa huko na kidole chako kirefu.

Hukunitaka tangu siku ya posa, najua, na sikulaumu, hata mimi nilijishangaa. Lakini mwache dada yako akae chini ya lebo. Nafasi yenyewe ilikuwa ndogo.

Mume wa dada yako,
upende usipende


12 Machi

Shemeji,

Shikamoo, kwa sababu nililelewa.

Sijafuta kitu. Sina muda wa kukufuata nyuma kama mtu anayefagia baada ya mbuzi.

Nitaeleza mara moja. Kontena si kabati. Huingii ukapanga vitu vyako ukategemea kesho uvikute. Kontena linatengenezwa kutoka kwenye faili la maelezo. Faili likisema lebo iwe hivi, lebo inakuwa hivyo. Kontena likianguka, umeme ukikatika, au likionekana tu halifanani na maelezo, msimamizi analitupa na kutengeneza jingine kutoka kwenye faili lilelile. Ndiyo maana duka linaendelea kufanya kazi hata mimi nikiwa nimelala. Msimamizi si mtu, ni programu. Haina chuki na wewe. Mwenye chuki ni mimi.

Kwa hiyo kila ulichoandika mle ndani kilitupwa pamoja na kontena lake. Ukitaka kitu kibaki, unakiandika kwenye faili. Hakuna anayeingia ndani. Hiyo amri uliyoikuta nyuma ni ya kuchungulia wakati wa hatari, na imezungushiwa mstari mwekundu. Yote haya yako kwenye ukurasa wa kwanza, ule ulioruka.

Na maneno gani? Kabla ya kuhamisha nilisoma kila faili la zamani. Chini ya lebo palikuwa na namba ya simu ya duka, basi. Kama umeanza kuwaandikia wagonjwa mizaha yako na kumsingizia dada yangu, acha leo. Lile ni duka la dawa, si kijiwe.

Dada wa mke wako


19 Machi

Shemeji,

Marahaba, ingawa salamu yako imenuna mpaka bahasha ilikuwa ngumu kufungua.

Kwa hiyo kuna nyapara. Asante kwa kunijulisha. Anazunguka na kiboko chake, akikuta mtu amehamisha kikombe anavunja nyumba nzima na kujenga nyingine. Na wewe unaona huo ni ustaarabu! Mimi redio yangu ina waya wa pasi tumboni na bado inasoma habari. Feni la hapa dukani nimelifunga kwa kamba ya kiatu, linazunguka, linalalamika, linazunguka. Ninyi kitu kikikohoa mnakitupa na kuzaa kingine. Siku mmoja wenu akipata mafua sijui mtamfanyaje.

Nimempatia dawa nyapara wako. Kila asubuhi nikishafungua duka, kabla hata ya chai, naingia mle ndani na kuandika maneno. Akifuta, naandika. Tutaona nani atachoka kwanza. Yeye hana mke wa kumkumbuka.

Nikakuta pia maneno yanakatika pale chini kwa kukosa nafasi. Nikayatafutia pa kukaa, yameenea vizuri, herufi kubwa. Wateja wanacheka tena. Kinyozi kanipungia mkono kutoka ng'ambo ya barabara. Yule mshonaji wa mtaa wa nyuma alirudi na chupa yake kuuliza jambo dogo, tukamalizana. Kwa kifupi duka lina uhai, na uhai huo hautoki kwenye kidude chako.

Na usiniulize tena "maneno gani". Ukiniuliza tena nitajua kwamba hukuwahi kununua hata panadoli kwa dada yako.

Mume wa dada yako,
mpinzani wa nyapara


27 Machi

Wewe,

Leo hakuna shikamoo.

Mfamasia ameniandikia. Hakutaka kukusema, nimemkamua. "Jambo dogo" la mshonaji lilikuwa hili: alipewa vidonge vya presha vyenye lebo isiyosema anywe vingapi wala mara ngapi. Uliona mizaha yako inakatika chini, ukaipandisha juu ya mstari wa dozi. Mstari wa dozi ukasukumwa nje ya karatasi. Herufi kubwa, kama ulivyojisifu.

Mshonaji alirudi kuuliza kwa sababu ni mtu makini. Je, wale wasiorudi? Imebidi mfamasia apige simu kwa kila aliyechukua dawa siku hizo, mmoja mmoja, akijifanya anawajulia hali. Wewe ulikuwa umekaa kwenye mto ukipungiwa mkono na kinyozi.

Ulidhani ninapigania kompyuta. Nilijenga vile ili mtu yeyote asiweze kuamka asubuhi na kubadilisha lebo ya dawa kwa sababu ameota. Hata mimi siwezi. Na wewe ukaingia kwa dirisha.

Ruhusa yako nimeifuta. Neno lako la siri halifungui kitu tena. Ijumaa mnunuzi wa vyuma chakavu atakuja kuchukua ile kompyuta ya bluu uliyoificha stoo nyuma ya maboksi ya pamba. Ndiyo, najua iko wapi. Na kama utagusa kitu kingine, nusu yangu ya duka nitaiuza kwa mtu ambaye hatakuachia hata hicho kiti.

Dada wa marehemu


3 Aprili

Shemeji,

Kwa mshonaji umesema kweli, na hapo sina mzaha wa kuweka. Nilikwenda kwake kwa miguu nikiwa na lebo mpya mkononi. Akanikaribisha kiti, akanisonya mpaka cherehani ikasimama, nikaondoka nimestahili.

Mengine yote nakurudishia.

Mnunuzi wako wa vyuma alikuja Ijumaa na mizani yake. Nikakaa juu ya kompyuta ya bluu.

"Mzee, shuka."

"Nipime nayo."

"Mzee, nimetumwa na mwenye mali."

"Mwenye mali ndiye huyu, ameikalia."

Akazunguka, akanitazama kwa mbele, akanitazama kwa nyuma, akasema chuma cha namna hii hakina soko. Akaondoka na ndoo iliyotoboka, nimempa mimi asiende mikono mitupu.

Na sasa sikiliza, maana naona kweli unaniuliza, na hilo ndilo linanikera kuliko yote. Maneno yenyewe ni haya:

Maliza dozi yote, hata ukijisikia mzima. Nakuona.

Ndiyo mizaha yangu hiyo. Chini ya kila lebo, ya mtoto na ya mkubwa. Watu walikuwa wanaisoma kaunta wanacheka, "Mama, unatuona vipi?" na yeye anawatazama tu juu ya miwani. Kinyozi aliwahi kurudi na vidonge vilivyobaki, jasho linamtoka, akasema nisamehe mama, niliacha nilipopata nafuu. Nani alimsema? Hakuna. Lebo. Mtu alikuwa anameza dawa kwake huku ameligeuzia dirisha mgongo.

Sasa hayupo wa kutazama juu ya miwani. Yalibaki maneno tu. Ukaleta masanduku yako yanayojiendesha yenyewe, na kitu cha kwanza kisichojiendesha mkakiacha nje.

Uza nusu yako ukitaka. Mnunuzi nitamkalia na yeye.

Mume wa dada yako


14 Aprili

Shemeji,

Shikamoo. Nina homa na kifua kimenibana, kwa hiyo nitasema machache na utayasoma bila kunichekesha.

Maneno hayo si yako wala si ya wateja. Ni yangu. Nilikuwa mtoto wa vidonge vichungu na nilikuwa navitema nyuma ya kitanda. Dada alikuwa ananipa, anatoka, anafunga mlango, kisha kutoka upande wa pili wa mlango nasikia, "Nakuona." Hakuwa anaona kitu. Mlango ulikuwa wa mbao nzima. Nilimeza. Wewe wakati huo ulikuwa hujatokea na suti yako ya kuazima, kwa hiyo usinifundishe dada yangu alikuwa anasema nini.

Sikujua kwamba aliyaweka kwenye lebo. Ni kweli sikuwahi kununua dawa kwake. Alikuwa ananiletea.

Nimeyatafuta tena kwenye mafaili yote ya zamani. Hayamo. Basi siku ulipotoka kwenda kula nilimwomba mfamasia awashe ile kompyuta ya bluu, anipigie picha ya skrini. Usimgombeze. Yamo mle, lakini aliyaandika ndani ya mashine yenyewe, ikiwa inafanya kazi, akaiacha hivyo miaka yote, maana ile haina msimamizi wa kuitupa. Hakuyaweka kwenye faili la kuhifadhi. Ni kosa lako hasa, mstari kwa mstari. Mlifaana kumbe.

Mimi nilihamisha kila kilichoandikwa mahali pa kuandikwa. Hayo sikuyafuta. Sikuyaona.

Nimekurudishia ruhusa moja. Unaweza kuandika kwenye faili la lebo, kisha ukatuma ombi. Kuingia ndani ya kontena, hapana, hata ukilia. Ombi litapimwa na mashine, kisha litakuja kwangu. Nikikubali, litakwenda kwenye matawi yote na litabaki. Nikikataa, limekataliwa. Sikufanyii rahisi kwa sababu ya dada. Nakubana kwa sababu ya mshonaji.

Anza ukurasa wa kwanza.

Shemeji yako


22 Aprili

Shemeji,

Nimeanza ukurasa wa kwanza. Nakuchukia kuanzia ukurasa wa kwanza.

Mfamasia ananisomea, mimi nabonyeza. Faili lako lina hasira kuliko wewe. Ukiacha nafasi moja zaidi mwanzoni mwa mstari, linakataa lote. Moja! Nimewahi kuishi na mama mkwe, yaani mama yako, na hata yeye alikuwa anavumilia nafasi moja. Siku nzima nimehamisha maneno kushoto, kulia, kushoto, kama mtu anayenyoosha picha ukutani huku mke anamwelekeza.

Hatimaye faili likakubali. Nikatuma ombi. Nikasimama kabisa, nikavaa koti.

Likarudi jekundu. "Mstari wa dozi umetoka nje ya karatasi." Hivyo tu, bila shikamoo. Najua hicho kipimo hakikuwepo kwenye mwongozo. Umekiweka baada ya mshonaji. Umekiweka kwa ajili yangu. Nimekitukana kwanza, halafu nikakaa. Kama kingekuwepo mwezi uliopita nisingesonywa na cherehani. Hayo usiyarudie mbele ya watu.

Nikapunguza herufi. Kipimo kikapita, lakini mfamasia hakuweza kusoma, na yeye ana macho mazuri kuliko mteja wetu yeyote. Nikarudisha. Nikafuta "hata ukijisikia mzima", nikayatazama yaliyobaki, mkono ukayarudisha wenyewe. Sikatai kukatwa mimi. Yeye simkati.

Karatasi ni ileile na dozi lazima ikae. Kilichobaki kikubwa ni ile nembo yako pale juu, jani na gurudumu, imekaa kama kofia ya mgambo. Sijaigusa. Kwanza ni yako, pili nilishaapa kufuata ukurasa wa kwanza.

Ombi liko kwako, jekundu. Kifua kinaendeleaje? Nauliza kwa ajili ya duka.

Mume wa dada yako,
mwanafunzi


29 Aprili

Shemeji,

Shikamoo.

Nembo nimeiondoa. Niliichora mwenyewe na niliipenda, kwa hiyo usiseme lolote, hata la wema, hasa la wema.

Dozi imekaa juu na maneno yamekaa chini kabisa. Kipimo kimepita. Nimekubali ombi. Tangu jana jioni liko kwenye matawi yote.

Kompyuta ya bluu usiizime kwa kuniamini mimi. Izime ukiwa na hakika. Kulitupa kontena kwa makusudi kuko ukurasa unaofuata ule wa maombi. Safari hii umeruhusiwa.

Kifua ni changu.

Shemeji yako


6 Mei

Shemeji,

Nimeliua.

Nililiua mchana kweupe, duka limejaa, maana mtu akifanya jambo kama hilo kwa kujificha ataonekana ana nia mbaya. Mfamasia akanisomea amri, mimi nikaandika. Nilipofika mwisho kidole kikakataa kubonyeza. Mshonaji alikuwa kaunta anasubiri vidonge vyake vya presha. Akauliza, "Kuna nini tena?" Nikamwambia subiri, natupa kitu. Akasema usitupe dawa zangu.

Nikabonyeza.

Skrini ikawa tupu. Printa ikanyamaza. Mimi macho yangu yalikuwa stoo, kwenye maboksi ya pamba, nikijua ile ya bluu iko macho nyuma yake, na miguu ilishaanza kwenda. Mfamasia akanishika koti.

Kisha nyapara wako akaja. Sikumwona, ila niliona kazi yake. Kontena jipya, tupu, halijui mtu, halijaguswa na mkono wangu hata mara moja. Printa ikalia. Mfamasia akaitoa lebo, akaibandika kwenye chupa, akampa mshonaji bila kuitazama, kwa sababu yeye pia alikuwa anaogopa.

Mshonaji akaisoma kwa sauti, kidole juu ya mstari. Kwanza dozi: kimoja asubuhi, kimoja jioni. Akatikisa kichwa, vizuri. Akashuka chini. Akaangalia kile kiti chenye mto, kilichokuwa hakina mtu kwa kuwa mimi nilikuwa nimesimama, akasema, "Kumbe yupo." Akalipa, akaondoka.

Nikaenda stoo. Ya bluu nimeizima mwenyewe, polepole, kwa kitufe chake. Mwambie mwenye mizani aje nayo. Sitakaa juu yake, ila ndoo yangu airudishe.

Nyapara bado simpendi. Lakini nimemwambia asubuhi habari za kazi, na yeye hakujibu, kama wewe.

Simu usinifungulie. Nimebakiwa na stempu nyingi, na kwenye simu una tabia ya kukata.

Jambo la mwisho. Mwongozo wako, ukurasa ule wa mbele zaidi, umenifundisha kutazama lebo zinazotoka kwenye matawi yote. Leo nimetazama la huko kwako. Kuna mtu kachukua dawa ya kifua, dozi ya wiki nzima, kwa jina ninalolijua tangu siku ya posa. Nasikia mtu huyo akishapata nafuu huwa anaviacha vidonge nyuma ya kitanda.

Maliza dozi yote, hata ukijisikia mzima.

Nakuona.

Mume wa dada yako